Mawe Mawili ya Kilo Tano

Mtaani walimwita Sawasawa, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, enzi za duka lake, kwa sababu ya namna alivyopima. Alikuwa na mizani ya sahani mbili, ya chuma, yenye vidomo viwili katikati vya kuonyesha usawa. Akishaweka jiwe la kilo upande huu na mchele upande ule, aliondoa mikono, akarudi nyuma hatua moja, akasubiri. Sahani zilipanda na kushuka. Vidomo viliwindana kama majogoo. Mteja alibana pumzi. Vilipotulia na kutazamana uso kwa uso, ndipo aliposema, bila haraka, "Sawasawa," akamimina mchele kwenye mfuko wa karatasi. Mkewe akaufunga, mteja akaondoka ameridhika.

Mambo hayo yamekwisha. Pembeni mwa barabara paliota duka la vioo, lenye mizani isiyo na sahani wala mawe, inayotema karatasi yenye tarakimu. Kijana wa duka lile hata hatazami anachopima. Na unga siku hizi huja umefungwa tayari kwenye plastiki, umepimwa na mashine mahali ambapo hakuna anayepajua, na watu huubeba bila kuuliza. Sawasawa alipigana miaka miwili, kisha akafunga. Miaka thelathini na moja ya duka ikaingia kwenye mkokoteni safari moja: mizani ikawekwa stoo nyuma ya magunia matupu, na mawe yake yakasukumwa chini ya kitanda katika masanduku mawili, moja la mbao na jingine mkebe wa bati uliowahi kuwa wa biskuti.

Kilichobaki kilikuwa jina, na jina hilo lilimlisha kuliko duka. Kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye benchi lililoegemea ukuta wa nyumba yake, na majirani waliogombana wakaja. Mmoja kasogeza uzio shubiri mbili, mwingine hataki kuzibua mfereji zamu yake ikifika. Sawasawa aliwasikiliza, akainua viganja viwili kama sahani, akavipandisha na kuvishusha, kisha akatoa hukumu. Walikubali. Walisema mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hakumwibia mteja punje moja ya mchele, hawezi kumwibia mtu haki yake. Sawasawa aliipenda sana sentensi hiyo. Ukweli ni kwamba aliitunga mwenyewe, akaiachia mtaani kama mtu anavyoachia kuku asubuhi, ikaenda kujitafutia.

Sasa, yale masanduku mawili. Mtu hahitaji seti mbili za mawe kwa mizani moja, labda kama ana sababu. Kila jiwe la mizani lina tundu chini, na tundu lina risasi iliyoyeyushwa ili uzito utimie. Fundi mmoja wa vyuma, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu yeye na siri zake, alikwangua risasi kidogo kwenye mawe ya sanduku la mbao, akaihamishia kwenye mawe ya mkebe. Mawe ya sanduku la mbao yalikuwa ya kuuzia. Mawe ya mkebe yalikuwa ya kununulia maharage na mahindi kwa wakulima. Sawasawa alijiambia kwamba zama zile kila mwenye duka alifanya hivyo, na waliokataa hawakufika mwaka wa pili. Alipozeeka akaacha hata kujiambia. Akawa anakaa kwenye benchi akilaani vijana wa leo kwa kukosa uaminifu, na alipolaani alimaanisha kabisa.

Mkewe waliyemwita Mama Duka alikuwa mwanamke mfupi, mpana, asiyependa maneno. Asubuhi moja alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chini akifua. Alipomaliza akataka kuinuka, miguu ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akamwita mumewe. Sawasawa akaja akamshika mikono, akavuta kwa hasira ya mtu aliyekatizwa chai, na wote wawili wakaishia kwenye povu, beseni juu yao.

Daktari wa zahanati, binti wa umri wa mjukuu wao, alimpima magoti na mifupa akasema hakuna ugonjwa. Kilichopo ni kwamba mwanamke akishavuka hamsini nyama za mwili humtoka kidogo kidogo, kama mchele kwenye gunia lililotoboka, na mifupa nayo hulegea. Dawa yake ni kunyanyua vitu vizito nyumbani, mara mbili au tatu kwa juma, na kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, mpaka miguu ikumbuke kazi yake.

Sawasawa alirudi nyumbani amekasirika kuliko mgonjwa. Alisema dunia imepata wazimu. Kwanza ilimnyang'anya mwanamke kinu, mchi, ndoo na mzigo wa kuni, ikamwambia mama pumzika, bomba hili hapa, gesi hii hapa, unga uko dukani. Mama akapumzika miaka ishirini. Sasa inamwambia asimame katikati ya sebule anyanyue vitu vizito ambavyo haviendi popote. Zamani mtu alitoka jasho na mwisho wake palikuwa na unga. Leo mtu anatoka jasho na mwisho wake ni jasho.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na huo mchi," akauliza, "wewe uliwahi kuushika?"

Hakuwahi. 

Mama Duka akaanza na kiti. Alikaa na kusimama mara tano, siku ya pili sita. Kisha ukuta: alisimama mbali nao kidogo, akaweka viganja, akajishusha mpaka pua ikakaribia chokaa, akajisukuma kurudi. Sawasawa alimwambia ukuta ule aliujenga kwa mikono yake, asiutie wasiwasi. Mkewe akaendelea kuhesabu.

Habari ilivuka barabara ikamfikia Nesi, ambaye alistaafu baada ya miaka mingi ya kupima watoto kliniki, mwanamke mrefu mkavu ambaye mpaka leo husalimia watu kana kwamba ameficha sindano mgongoni. Nesi alisema jambo hili haliendi kiholela, akajiteua kuwa mkubwa wa shughuli. Akaja pia Fundi, mshonaji wa chumba cha pembeni, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi na mgongo uliopinda kwa cherehani. Ikawa kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi meza ya sebuleni inasukumwa ukutani, khanga zinafungwa kibwebwe, na wanawake watatu wanachuchumaa kwa pamoja huku Nesi akihesabu kwa sauti ya siku za chanjo. Walipanda na kushuka kwenye kreti ya soda. Walilala kifudifudi wakajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, wakajikaza kama ubao, na Fundi alisema tangu azaliwe hajawahi kuona dakika moja yenye urefu ule, labda iliyomkuta akiwa na uchungu wa kuzaa. Waliinua madumu ya maji ya lita tatu.

Sawasawa alihamia jikoni saa hizo, akanywa chai yake kwa uchungu. Hata hivyo aliona kwamba mkewe hamwiti tena akimaliza kufua. 

Ijumaa moja alitoka kunyoa ndevu. Aliporudi alimkuta mkewe katikati ya sebule, mbele ya Nesi na Fundi, miguu imepanuka, jasho linamtiririka, na kila mkono umeshika jiwe la mizani la kilo tano kwa pete yake. Alikuwa akiyapandisha mpaka begani, akiyashusha.

Sawasawa alisahau kufunga mlango. Akauliza yale ameyatoa wapi.

"Chini ya kitanda," mkewe akasema bila kusimama. "Maji ya dumu yanacheza, hayashikiki vizuri. Haya yametulia. Moja limetoka kwenye mbao, moja kwenye mkebe. Kila sanduku lilikuwa na la kilo tano moja tu. Seti mbili zote za nini, baba watoto?"

Akajibu kwamba moja ilikuwa ya akiba. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, na Fundi akamuuliza kama amenyolewa na koo.

Tangu siku hiyo chai ya jikoni haikumshuka. Alikaa amesimamisha masikio. Na hakuchukua muda kusikia alichokiogopa. Mkewe alilalamika kwamba mkono wa kulia unachoka haraka kuliko wa kushoto, na yeye si mtu wa shoto. Nesi akamwambia abadilishe mawe. Akabadilisha. Sasa ukachoka wa kushoto. Nesi akayatazama mawe yale, kisha akasema neno moja: "Ajabu." Jikoni kikombe kilianguka.

Sawasawa alipima hali yake kama alivyokuwa akipima sukari. Upande mmoja palikuwa na wanawake watatu, wawili wao wateja wake wa tangu ujana, na mmoja kati ya hao ni Fundi, ambaye likimwingia neno sikioni asubuhi, adhuhuri wanalo mtaa wa tatu. Upande wa pili palikuwa na benchi lake la Jumamosi. Hilo likiondoka, atabaki nani? Mzee mmoja mwenye stoo ya magunia matupu. Angeweza kuyaficha mawe, lakini mkewe angeuliza. Angeweza kuyatupa, ila mkewe angeuliza zaidi. Dawa ilikuwa moja: yawe sawa.

Mkewe alipokwenda zahanati kumwonyesha daktari magoti yake mapya, Sawasawa aliingia stoo, akaifuta vumbi mizani yake ya zamani, akaiweka juu ya kasha. Jiwe la mbao kwenye sahani hii, jiwe la mkebe kwenye sahani ile. La mkebe likaenda chini papo hapo kama mtu anayesujudu. Alichukua suruali yake ya suti, ile aliyoivaa siku ya kufungua duka, akaikata miguu, akashona vifuko viwili vya kuvalisha mawe. Katika kifuko cha jiwe jepesi alitia misumari, konzi baada ya konzi, akiweka na kutoa, mpaka sahani zikatulia na vidomo vikatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu fundi wa vyuma afanye kazi yake, mizani ile kusema kweli, na hapakuwa na mteja wa kushuhudia.

"Sawasawa," alijisemea kwa mazoea, kisha akaona haya, ingawa alikuwa peke yake na magunia.

Aliporudi mkewe, Sawasawa alimkabidhi mawe yamevaa vifuko. Alieleza kwamba chuma kitupu kinakwangua sakafu, na pete zinaumiza viganja. Mama Duka aliyapokea, akayapimapima mkononi, moja na jingine. Kisha akamtazama mumewe, na akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko shukrani inavyohitaji.

"Ahsante," akasema. "Kumbe unajua kushona."

Jumanne mikono yote miwili ilichoka pamoja. Nesi akaridhika, akasema mwili umekubali. Sawasawa alikunywa vikombe vitatu vya chai na akafikiria kwamba zamani mtu alikuwa akikabili matatizo yake kwa akili na mikono, si kama vijana wa leo wanaokimbilia simu.

Lakini hakuna mshonaji duniani anayeweza kukaa chumba kimoja na mshono mbaya. Ijumaa wakati wa kupumzika, Fundi aliketi sakafuni na jiwe moja mapajani, akaligeuza, akasonya.

"Huu ni mshono au ni jeraha?" akauliza. "Mzee, suti nzuri kama hii umeifanyia hivi kwa kosa gani?"

Sawasawa, kutoka jikoni, alisema kwa haraka kwamba uko imara, uachwe kama ulivyo. Fundi akamwambia asijali, hamtozi kitu, ni dakika mbili tu. Haiwezekani watu waseme Fundi anafanya mazoezi na vitu vilivyoshonwa na kipofu. Mkasi alikuwa nao. Mkasi humfuata kama kivuli. Sawasawa aliruka kizingiti cha jikoni akiwa na kikombe mkononi, na alifika kwa wakati mzuri kabisa wa kuona uzi ukikatika na misumari yake ikimiminika sakafuni, mirefu na mifupi, mingine ikiviringika mpaka chini ya kabati.

Wanawake watatu waliitazama misumari. Kisha wakamtazama yeye.  Nesi aliinuka, akachukua jiwe lililovuliwa, akakichana kifuko cha pili pia, akatoa jiwe la pili. Akashika moja huku na moja huku. Kisha akasema anakuja, akavuka barabara.

Alirudi na mizani ya watoto. Ilikuwa ile ya kuning'iniza, yenye uso wa saa na mshale, pamoja na kile kisuruali cha kitambaa chenye matundu mawili ya miguu. Kliniki ilipoletewa mpya, yeye alistaafu na ya zamani. Akaitundika kwenye ndoano ya mlango wa sebule, na kwa uangalifu wa miaka yote ile, akalivisha kisuruali jiwe la mkebe. Pete ilichungulia juu kama kichwa cha mtoto asiye na shingo. Mshale ukazunguka.

"Kilo tano na gramu mia nne," Nesi akasoma. "Mtoto ana afya."

Akalitoa, akavisha la mbao.

"Kilo nne na gramu mia sita." Akavua miwani. "Huyu anapungua. Mzazi wake yuko wapi?"

Mzazi wake alikuwa amesimama karibu na kabati, msumari mmoja umemchoma kisigino na hakuthubutu kuinua mguu. Alifungua mdomo akasema ni kutu. Chuma kikikaa sana huliwa na kutu, ni jambo linalojulikana.

"Kutu hula, shemeji," Nesi akasema kwa upole, ule upole unaotangulia sindano. "Hili lililokonda limeliwa. Na hili lililonenepa, lilikula nini?"

Sawasawa alitafuta jibu. Alilitafuta darini, akalitafuta kwenye kikombe. Mwisho akamtazama mkewe, aliyekuwa amekaa sakafuni amenyoosha miguu, anajifuta shingo kwa ncha ya khanga. Uso wake haukuwa na hasira wala mshangao, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Waambie, baba watoto," Mama Duka akasema. "Hapa hakuna mtoto isipokuwa huyo kwenye mizani."

Akawaambia. Alianza na jinsi maisha yalivyokuwa magumu, Nesi akamrudisha kwenye mawe. Alieleza mbao ni ya nini na mkebe ni wa nini. Alimtaja fundi wa vyuma, na akasema ni marehemu, kana kwamba hilo lingemsaidia. 

Fundi alikuwa ameacha mzaha. Alikuwa akihesabu kitu vidoleni.

"Mchele wa msiba wa mama yangu niliuchukua kwako, mzee," akasema. "Kilo kumi."

Sawasawa aliinamisha kichwa. Katika hukumu zote za benchini hakuna aliyewahi kumtazama mwenzake kama Fundi alivyokuwa akimtazama.

"Ndiyo maana nashangaa," Fundi akaendelea. "Kwa sababu nyumbani tuliupima kwa kopo, tujue utatosha watu wangapi. Ulizidi. Tukarudia tukidhani tumekosea. Ukazidi tena. Marehemu bibi yangu akasema mtu yule hapimi, anatoa sadaka."

Sasa ikawa zamu ya Sawasawa kushangaa. Alisema haiwezekani. Alisahau aibu yake, akasimama kutetea wizi wake kwa nguvu zote: jiwe la kilo tano lilipungua gramu mia nne, mara mbili gramu mia nane, hakuna namna mchele ule ungezidi, labda kama hesabu imekufa. Na hapo alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa muda. Mkewe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalala chali sakafuni.

"Panya," Mama Duka akasema alipopata pumzi. "Mwambie Fundi habari za panya."

Panya wa dukani. Kwa miaka thelathini na moja Sawasawa alipambana nao. Kila mwisho wa mwezi mchele ulipungua, sukari ikapungua, naye hakuelewa ni vipi mtu anayepunja wateja na wakulima kwa pamoja duka lake halinenepi. Alitega mitego ya waya na ya mbao. Aliziba matundu kwa saruji. Alifuga paka watatu kwa mfululizo, na wote walizeeka kwa uvivu bila kuleta hata mkia. Alikuwa akiwasimulia wateja kwamba panya wa siku hizi wana elimu.

"Panya nilikuwa mimi," mkewe akasema.

Aliinuka. Hakushika kiti wala ukuta. Alikunja goti moja, akakanyaga, akasimama, na Nesi akatikisa kichwa kwa kuridhika hata katika wakati ule. Mama Duka akachukua jiwe jepesi akalining'iniza kidoleni.

"Mimi nimebeba ndoo ya maji kichwani tangu nina miaka saba," akasema. "Utanipa kilo ya sukari nifunge, mkono wangu usijue haijatimia? Wiki ya kwanza nilijua. Wewe ulikuwa ukiitazama mizani itulie, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ukigeuka kuandika, natia konzi. Nyingine ilizidi, mkono si mashine. Na wakulima niliwapitisha mlango wa ua, nikawafungia chumvi na sukari kufidia maharage yao."

"Miaka yote hiyo," Sawasawa akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana ukisema sawasawa." Alilitua jiwe mezani. "Juzijuzi nikachukua moja huku na moja kule, nikasema sasa atanieleza mwenyewe. Ukaenda kushona."

Nesi alikunja mizani yake. Fundi aliokota misumari, akaifunga kwenye kipande cha suruali ya suti, akamkabidhi mwenyewe bila neno, na kwa mtu kama Fundi kutosema neno kulikuwa ni neno zito. Lakini kimya hicho hakikudumu. Jioni Sawasawa alipokwenda kununua kiberiti, muuzaji wa kwenye kibanda alivihesabu vijiti kimoja kimoja mbele yake, akamuuliza kama vimetimia.

Jumamosi alifikiria kuumwa. Alifikiria pia kusafiri, ila hakuwa na pa kwenda. Mwisho alitoka akakaa kwenye benchi, kwa sababu ukuta aliujenga yeye na hakuna aliyeweza kumzuia kuuegemea. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Watu walipita pia, wakasalimia, na baadhi yao, wakishafika mbali kidogo, walikohoa kikohozi kisicho na mafua. Alifikiri kwamba zamani mtu akianguka watu walikuwa na adabu ya kutazama pembeni. Kisha akakumbuka kwamba zamani hiyo ndiyo ile ile ya masanduku mawili, na kwa mara ya kwanza hakuimalizia hotuba yake.

Kwenye saa nne wakaja wanaume wawili, mwenye nyumba na mpangaji wake, wamenuniana, kila mmoja anatembea upande wake wa barabara. Ilikuwa ile kesi ya mfereji tena.  Sawasawa akasogea haraka kuwapa nafasi kwenye benchi. Akaandaa viganja.

"Shikamoo, mzee," wakasema.

"Marahaba. Karibuni, karibuni. Haya, nani alianza?"

Wakatazamana. Mpangaji ndiye aliyepata ujasiri.

"Samahani, mzee," akasema. "Mama yupo?"

Sawasawa alishusha viganja vyake vitupu. Kisha akaingia ndani. Mama Duka alikuwa sebuleni peke yake, kwani siku hizi alikuwa ameongeza Jumamosi kwa hiari yake. Alikuwa akichuchumaa na kusimama, jiwe la mkebe amelikumbatia kifuani kama mtoto.

"Wageni wako," Sawasawa akasema.

"Wakae. Nimebakiza nane."

Akatoka akawaambia wakae, mama amebakiza nane. Walikaa, tena kwa heshima. Naye akarudi ndani, kwa sababu kwenye benchi hapakuwa tena na nafasi yake. Akasimama mlangoni akimtazama mkewe akishuka na kupanda, magoti yale yaliyokuwa yakikataa kigoda sasa yakitii kama askari. Mwanamke hakugeuka. Alielekeza kidevu pembeni ya kabati, palipokuwa na jiwe la mbao.

"Chukua hilo. Ndilo jepesi."

Sawasawa akaliinamia, akashika pete. Kwa miaka thelathini na moja alilipandisha kwenye sahani na kulishusha, mara mia kwa siku, na hakukumbuka kama liliwahi kuwa na uzito. Lilipanda mpaka kiunoni vizuri. Lilipofika usawa wa kifua kiwiko kikatafuta ubavu wa kuegemea. Akalisukuma kidogo tena, likasimama shubiri moja chini ya bega, halisogei. Akaliteremsha.

"Moja," akahesabu.

"Hiyo haijatimia," mkewe akasema. "Rudia."